Harara

Kwa miaka zaidi ya 20 ya kufundisha Kiswahili katika shule za Uganda, tumelifafanua neno "harara" mbele ya wanafunzi bila kulihisi mwilini. Tulikuwa tukiwaambia kwamba lina maana ya joto la mwili, na tena maana ya wepesi wa kukasirika; kisha tukaendelea na neno lililofuata katika orodha. Tulipotimiza umri wa miaka 46, maana zote mbili zilitujia kwa siku moja.

Ilikuwa saa nne za asubuhi, katika somo la ngeli. Tukiwa tumeinua chaki, joto lilianza kifuani, likapanda shingoni hata usoni, na jasho likatutiririka kana kwamba tumetoka kulima. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa adabu, "Mwalimu, unaumwa?" Tukamkemea kwa ukali ambao hakuustahili. Chumbani mwa walimu tulisema ni malaria. Nani asiyeisadiki malaria katika nchi yetu? Kwa muda wa miezi miwili tulipimwa damu mara tatu, na mara zote vijidudu havikuonekana. Hata hivyo tulinunua dawa ya malaria tukaimeza, kwa kuwa usiku shuka zilikuwa zikilowa, nasi hatukuwa na jina jingine la kuliita jambo lile.

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba jina lipo, nalo ni ukomohedhi. Ni kweli, ila jina hilo hutaja mwisho tu. Waganga wa hospitali huhesabu kuwa hedhi imekoma baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila kuonekana, jambo ambalo huwapata wanawake wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ile miaka inayotangulia, ambayo aghalabu huwa minne au zaidi, ndiyo yenye taabu: homoni hupanda na kushuka bila utaratibu, usingizi hukatika, hedhi huchelewa au huja kwa fujo. Miaka hiyo haina neno moja lililozoeleka. Watu wa pwani walikuwa na kungwi wa kumfunda mwari aingiapo utu uzima, na sisi Waganda tunaye ssenga, yaani shangazi, kwa kazi iyo hiyo. Shangazi yetu alitufunda vema juu ya kuingia. Juu ya kutoka, hakusema neno, na huenda naye hakuambiwa. Basi kungwi wetu wa pili akawa muuza vidonge.

Huyo alikuwa mwalimu mwenzetu, mtu mwema, aliyekuwa akijipatia riziki ya ziada kwa kazi hiyo. "Dada, haya si maradhi," alituambia, "ni homoni tu, na dawa yake ni ya asili." Chupa moja ya vidonge 60 ilitugharimu zaidi ya robo ya mshahara. Ndani yake mlikuwa na soya iliyokamuliwa pamoja na mzizi wa mmea wa Amerika Kaskazini uitwao kitaalamu Actaea racemosa. Karatasi iliyoambatana nayo ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, kwani bidhaa ilipitia Kenya, na tunakiri kwamba Kiswahili hicho kilitupendeza. "Husaidia kusawazisha homoni. Hurejesha usingizi. Huimarisha mifupa." Ndugu walimu, sisi ndio tunaofundisha kwamba hu- ya mazoea haionyeshi nafsi wala wakati. Mwandishi wa karatasi ile aliitambua faida ya kanuni hiyo kuliko sisi. Humsaidia nani? Baada ya siku ngapi? Kwa kadiri gani? Tungemsahihisha mwanafunzi kwa wino mwekundu, lakini wenyewe tulilipa. Na neno "asili" lilirudiwa mara saba katika ukurasa mmoja, kana kwamba muhogo mchungu si wa asili.

Tulivimeza kwa miezi mitatu, na lazima tuseme kweli: tulipata nafuu. Harara za mchana zilipungua, hata tukamshukuru mwenzetu kwa kitenge. Wakati huohuo hedhi ilikuwa ikija kila baada ya majuma mawili au matatu, nzito, yenye mabonge. Tulichoka kupanda ngazi. Moyo ulidunda tukiwa tumeketi. Tulipomweleza mwenzetu, alisema kuwa mwili unajisafisha, nasi tukaona maneno hayo yana mantiki, kwa kuwa tuliyataka yawe nayo. Siku moja tulianguka mlangoni mwa maktaba, madaftari ya darasa zima yakatawanyika.

Daktari alikuwa kijana, rika la wanafunzi wetu wa zamani. "Mama, hali hii ilianza lini?" Sisi tunaojigamba kuwa walimu wa lugha tukakosa lugha. Tukatumia tafsida ya Kiganda inayosema mwanamke amekwenda "katika mambo", tukatazama dirishani. Alingoja. Kisha akaomba damu, na jibu likaonyesha hemoglobini gramu 7.4 kwa desilita, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito kipimo kisipungue 12. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye kizazi, usio wa saratani.

Vidonge vya mwenzetu havikuleta uvimbe huo, wala hatuna haki ya kuvisingizia. Vilichofanya ni kutufariji. Baadaye, tukiwa kitandani, tulisoma tulichopaswa kusoma kabla ya kufungua mkoba. Mwaka 2012 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya majaribio 16 juu ya mzizi ule, yakiwa na wanawake zaidi ya 2,000, na ushahidi haukutosha kusema kwamba unafaa. Aidha, kumekuwa na taarifa chache za watu walioutumia wakadhurika ini. Soya ina hali bora kidogo: mapitio ya mwaka 2013 yaliona kwamba jenistini, kiungo chake kimoja, huenda ikapunguza idadi ya harara ikitumiwa kwa kiasi cha miligramu 30 au zaidi kwa siku. Kuhusu nafuu yetu, mapitio ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba hata wanawake waliopewa vidonge vitupu walipungukiwa na harara kwa zaidi ya nusu. Dawa yenye nguvu iliyothibitika ni homoni zenyewe, ambazo haziwafai wote na lazima zitolewe na daktari. Na mwenzetu anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asiguse kamwe mmea uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni na harara, kwani hupunguza nguvu ya dawa hizo.

Tulitibiwa uvimbe, tukapewa vidonge vya chuma vinavyogharimu kidogo mno kuliko chupa moja ya vile vingine. Tulikatazwa chai pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini. Adhabu hiyo ilituuma kuliko sindano. Baada ya miezi minne kipimo kilifika 11.6. Harara zingali zinakuja. Tunavaa pamba, tunakaa karibu na dirisha, na tunakunywa uji wa soya kwa sababu tunaupenda.

Muhula uliofuata tulilifikia tena neno lile katika orodha. Safari hii tulieleza maana ya kwanza kwa urefu, tukitaja umri na jina la kipindi chenyewe. Wavulana waliinamisha vichwa. Kisha tukamwomba radhi yule msichana kwa ukali wa siku ile. Alinyamaza kitambo, halafu akasema kwamba mama yake hulala na mlango wazi, na kwamba amekwisha kumeza dawa ya malaria mara mbili mwaka huo. Akafungua daftari, akauliza kama ukomohedhi huandikwa kwa neno moja au mawili. Tukamwambia aandike moja.