Barua kwa Zuhura: Kabla ya Kulipia Gesi, Fungua Dashibodi

Magomeni Makuti,
Dar es Salaam

Kwa mpwa wangu mpendwa Zuhura,

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana na anauliza kikohozi cha mwanao Nasri kimefikia wapi. Nami naanza hapohapo kwenye kikohozi, maana ujumbe wako wa juzi umenikaa moyoni. Umeniambia ukiwasha AC gari linatoa harufu ya uvundo, upepo umekuwa hafifu, mtoto anaanza kupiga chafya kabla hamjafika hata Mnazi Mmoja, na fundi amekwambia gesi imekwisha, uandae hela.

Shikilia hela yako kwanza. Gesi ya AC hailiki kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja, na anayekujazia bila kutafuta panapovuja anakuuzia gesi ya kwenda kupotea. Dalili zake nazo ni nyingine: upepo unatoka kwa nguvu lakini hauna ubaridi. Wewe umesema upepo ni wa baridi ila ni mdogo, hata feni ukiipeleka mwisho. Hiyo kwa kawaida ni njia ya hewa iliyoziba, na kuizibua hakuhitaji fundi. Utaifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa mikono yako, na nakuandikia ili uweze.

Kinachoziba njia hiyo mara nyingi ni filta ya AC. Usiichanganye na filta ya hewa ya injini. Ile ya injini iko chini ya boneti, na kila fundi anaikumbuka unapokwenda kumwaga oili, kwa kuwa injini ikikosa hewa gari linakuwa zito na mwenyewe analalamika. Hii ninayokwambia inamlinda mtu, nayo husahauliwa. Nimekaa miaka mingi kwenye dirisha la stoo ya spea pale Gerezani, na wateja walikuja na karatasi ya fundi imeandikwa filta ya oili, plagi, brekipedi. Filta ya AC ilikuwa nadra kuwemo. Gari linatoka Japani, linashuka bandarini, linasajiliwa, linauzwa mara mbili tatu, na filta iliyomo ni ileile iliyokuja nalo. IST yako ni toleo la kwanza, lile Toyota ililolitengeneza kuanzia 2002 hadi 2007. Hesabu mwenyewe umri wake.

Halafu tazama hewa unayolipitishia gari hilo. Kila asubuhi unatoka Mtaa wa Mafia, unaingia Msimbazi, unakaa kwenye foleni. Tangu mwendokasi ianze mwaka 2016, mabasi yake yana njia zake mpaka Gerezani, nasi wengine tumebanana kwenye zilizobaki. Mbele yako kuna Fuso linaloshusha mzigo huku injini inanguruma, pembeni bodaboda na bajaji, kwenye baraza jenereta kila umeme unapokatika, na jiko la mkaa la mama lishe. Juu ya yote kuna vumbi la saruji, kwa sababu Kariakoo nyumba za chini zinabomolewa na maghorofa yanapanda mtaa hadi mtaa, na Soko Kuu lenyewe lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, ujenzi wake nao ukaongeza malori. Kwa jambo moja nyinyi mna afadhali kuliko sisi. Sisi tulivuta moshi wa petroli yenye risasi. Nchi zilizo Kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipoingia 2006 ikawa imeondoka vituoni. Lakini masizi ya dizeli bado yapo, na vumbi bado lipo.

Lipo vumbi unaloliona likitua juu ya dashibodi, na lipo lile usiloliona, ambalo ndilo linaloshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Chembe zake hazizidi mikromita 2.5, wakati unywele wa mtu una unene wa karibu mikromita 70. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2021 na kushusha kiwango cha chembe hizo kinachoshauriwa, kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Walikishusha baada ya ushahidi kuonyesha kwamba hata kiasi kidogo kinadhuru. Filta ya kawaida ya gari haizuii chembe zote za aina hiyo, nisikudanganye. Inazuia sehemu yake, na inazuia lile vumbi kubwa, majani, nywele na wadudu.

Marehemu Beda Amuli, msanifu wa Soko Kuu lile lililofunguliwa mwaka 1975, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege na kuacha nafasi wazi ili joto lipande na upepo upite. Kila nikipita pale namkumbuka kwa heshima: aliwajengea watu wengi waliosongamana mahali pa kupumua. Gari halina uwazi wa namna hiyo. Ukifunga vioo, hewa yote ya nje inaingilia mlango mmoja, vile vitundu vilivyo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa. Majani ya mwarobaini yakijaa hapo yakaloa wakati wa masika, yanaoza, na harufu unaivuta wewe na mtoto.

Basi kazi yenyewe. Ifanye Jumapili asubuhi, mtaa ukiwa bado umetulia, na Nasri umwache ghorofani kwa bibi yake. Zima gari kabisa na uchomoe ufunguo, ili feni isije ikavuta takataka wakati njia iko wazi. Vaa barakoa na glovu. Sikutishi, ila Kariakoo ina panya, na panya hupenda kujenga kiota kwenye njia ya hewa ya gari lililolala nje. Filta anaitafuna akaifanya tandiko. Ukikuta kinyesi au mkojo wa panya usifagie kikiwa kikavu. Nyunyizia maji yenye dawa ya kuua vijidudu, subiri kidogo, kisha ondoa kwa kitambaa utakachokitupa.

Kaa upande wa abiria, mkono wa kushoto. Fungua kile kisanduku cha dashibodi unachowekea kadi ya gari, toa kila kilichomo. Sasa bana kuta zake mbili za pembeni kuelekea ndani, kwa viganja. Vile vishikizo vinavyokizuia kisishuke zaidi vitaachia, na kisanduku chote kitalala chini. Kama gari lina kijikono cha plastiki kilichoshika upande mmoja, kichomoe taratibu. Usivute kwa hasira. Plastiki ya gari la umri huu imekauka kwa jua, kikivunjika kishikizo utatembea na dashibodi inayogonga kila unapopita kwenye tuta.

Nyuma ya kisanduku utaona boksi jeusi lenye mfuniko mwembamba uliolala. Bonyeza vibanio vyake, vuta mfuniko, kisha ivute filta kuja kwako ikiwa imelala vilevile, usiigeuze, maana takataka zitamwagikia kwenye feni iliyo chini yake. Filta mpya ni nyeupe, au kijivu kama ina mkaa. Yako nadhani itafanana na kipande cha zulia lililotolewa chini ya kitanda cha bweni. Ipige picha kabla hujaitia kwenye mfuko na kuufunga.

Inawezekana pia ukafungua ukakuta patupu. Yapo magari yaliyotoka kiwandani na nafasi ya filta lakini filta yenyewe haikuwekwa, na yapo ambayo fundi aliitoa akaona inasumbua. Ukikuta hivyo ni habari mbaya zaidi, kwa sababu vumbi limekuwa likienda moja kwa moja kwenye evaporeta, yaani ile koili ya baridi iliyo ndani ya dashibodi. Koili hiyo inatoa jasho muda wote AC inapofanya kazi. Vumbi juu ya maji ni tope, na tope kwenye giza lenye unyevu huota ukungu. Hapo ndipo uvundo unapotoka. Kuisafisha vizuri wakati mwingine ni kufungua dashibodi nzima, na gharama yake ni kubwa kuliko filta nyingi mno. Kwa hiyo asikushauri mtu uendeshe bila filta eti upepo uwe mwingi.

Ununuzi ufanye kabla ya hiyo Jumapili, na usipeleke jina la gari peke yake. Nenda na picha ya kadi ya gari yenye namba ya chesesi, pitia maduka ya spea ya Mtaa wa Shaurimoyo na Gerezani, uliza filta ya AC ya IST toleo la kwanza. Boksi la jina kubwa halikuhakikishii kitu, feki zina maboksi mazuri. Itoe filta uishike. Fremu iwe ngumu, makunjo yawe mengi na yaliyosimama sawasawa, kingo zisiwe na mapengo. Filta fupi kuliko nafasi yake ni kazi bure, hewa itapita pembeni. Kama muuzaji ana yenye mkaa na bei unaimudu, chukua hiyo, inapunguza harufu za moshi. Bei ya yoyote kati ya hizo ni ndogo sana ukilinganisha na kujaza gesi. Na iliyopulizwa kwa kompresa ukauziwa kuwa ni nzuri bado, usiiguse: upepo ule unachana nyuzi, na vumbi laini linabaki mlemle. Kuifua kwa maji nako kunaiharibu.

Wakati wa kuiweka, soma ubavuni. Ukikuta mshale wenye neno UP, mshale huo uelekee juu. Ukikuta maneno AIR FLOW, mshale unaonyesha hewa inakoelekea, na katika gari lako hewa inatoka juu kwenda kwenye feni chini, hivyo mshale utazame chini. Watu wengi hukosea hapa. Rudisha mfuniko mpaka usikie vibanio vimeshika, inua kisanduku, bana kuta zake tena, umemaliza.

Kisha safisha yale majani chini ya waipa, na ujizoeze jambo moja: dakika chache kabla ya kufika unakokwenda, zima kitufe cha AC uache feni peke yake. Koili itakauka kabla hujaegesha, na ukungu utakosa maji. Kwa unyevu wa jiji letu hili, tabia hiyo peke yake inapunguza uvundo.

Ukiwa nyuma ya Fuso linalofuka moshi, bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani, hewa ya nje itazuiwa. Ukishatoka kwenye moshi kibonyeze tena hewa ya nje iingie. Kuizuia hewa ya nje safari nzima mkiwa watu wanne kunawarudishia pumzi zenu wenyewe, dereva anapata usingizi, na wakati wa mvua vioo vinashika mvuke.

Sasa nisikilize kwa makini kuliko yote niliyotangulia kuandika. Hakuna filta, yenye mkaa wala isiyo na mkaa, inayozuia monoksidi ya kaboni. Ni gesi inayotoka kwenye ekzosi, haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Najua mnapokwenda kupokea mzigo usiku huwa mnalala garini vioo vimefungwa, injini inawaka ili AC ifanye kazi. Zuhura, acha. Mwambie na mumeo aache, na yule kijana anayewasaidia dukani mwambieni vilevile. Joto la usiku mmoja linavumilika.

Kuhusu muda wa kubadilisha, vitabu vya Toyota vyenyewe vinaeleza kwamba penye vumbi au msongamano mkubwa wa magari filta hii huenda ikahitaji kubadilishwa mapema kuliko ratiba ya kawaida. Kariakoo ina vyote viwili. Shauri langu ni uitazame kila unapomwaga oili, na uibadilishe ikishakolea uchafu hata kama hujatimiza kilomita zilizoandikwa. Kipindi cha kiangazi, kaskazi inapovuma na mvua iko mbali, itachafuka haraka zaidi. Na gari likiingiwa na maji kule Jangwani, Mungu apishe mbali, filta iliyoloa itupe siku hiyohiyo.

Ukishaweka mpya na upepo ukarudi kuwa na nguvu lakini bila ubaridi, hapo mwite fundi, na umtake atafute panapovuja mbele ya macho yako kabla hajafungua mtungi wa gesi.

Nasri lakini asisubiri Jumapili. Filta si dawa ya kifua cha mtoto. Mpeleke hospitali ya Mnazi Mmoja wiki hii, umweleze daktari kwamba anakohoa usiku na kwamba chafya zinamshika ndani ya gari, na mwambie pia kuwa babu yake mzaa baba alikuwa na pumu. Nijulishe atakachosema.

Ni mimi mjomba wako,
Mzee Shomari