Sikumwona Mbaraka

Sijawahi kumwona Mbaraka Mwinshehe akipiga gitaa. Maneno haya ni machache, lakini yamenichukua miaka kumi na miwili kuyatamka mbele za watu. Kwa muda wote huo, hapa St Marys, magharibi mwa Sydney, nilijulikana kama yule mtu wa Morogoro aliyemwona Mbaraka kwa macho yake. Niliitwa harusini nikasimulie. Watoto walikaa chini wakanisikiliza. Niliyowaambia yalikuwa uongo, na leo naeleza uongo huo ulivyoanza, ulivyokua, na ulichokiharibu.

Nilihamia St Marys mwaka 2008. Ni mji wa reli na viwanda, kama kilomita 45 kutoka katikati ya Sydney. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kulikuwa na kiwanda kikubwa cha silaha hapa. Siku hizi ni karakana na maghala kila upande, na mimi mwenyewe nilipakia mizigo zamu ya usiku kwa miaka sita katika ghala moja la Erskine Park. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumetawanyika kuanzia hapa hadi Mount Druitt na Blacktown: Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania wachache. Jumamosi tulikuwa tukikutana nyumbani kwa rafiki yetu mmoja, si mbali na Queen Street. Gari linatolewa kwenye banda lake, viti vya plastiki vinapangwa, nyama inachomwa uani, spika inawekwa juu ya friji. Wimbo ukipigwa, anayeujua anasimulia alipousikia mara ya kwanza na alikuwa na nani. Hiyo ilikuwa desturi ya baraza letu. Watu waliokimbia bila hata picha za wazazi wao walikuja pale kuhesabu walichobaki nacho.

Jumamosi moja ya mwaka 2011, mzee mmoja wa Kikongo alitusimulia Septemba ya 1974. Alikuwa kijana Kinshasa wakati wa lile tamasha la siku tatu kwenye Uwanja wa Mei 20, lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Ngumi zenyewe zilisogezwa mbele hadi Oktoba 30, lakini muziki haukungoja. Aliwaona James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz, akawaona na wa nyumbani, Franco na Tabu Ley. Mzee hakutia chumvi hata kidogo. Alisema alikuwa mbali, wanamuziki walionekana wadogo kama kidole, na anachokumbuka zaidi ni kiu, maana hakuwa na hela ya kinywaji. Tulinyamaza wote. Halafu Mkenya mmoja akaeleza alivyocheza hadi alfajiri Nairobi mbele ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga. Akaja mtu akanigeukia: “Na wewe, kaka? Ninyi wa Morogoro ndio wenye Mbaraka.”

Kweli, Mbaraka alikuwa wetu. Morogoro ni mji mdogo chini ya milima ya Uluguru, lakini ulikuwa na bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki nzima: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mbaraka alipiga gitaa la solo Morogoro Jazz, akaimba, akatunga, na mwaka 1970 bendi ile ilisafiri hadi Japani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Gitaa lake linasema neno, linasubiri, kisha linajijibu. Mtu akilisikia mara moja halimpotei. Pale barazani wote walilijua, na wote walikuwa wakiningoja.

Aliyemwona ni kaka yangu mkubwa, mwaka 1972. Hakuwa na kiingilio, akapanda mwembe uliokuwa nje ya ukumbi na kutazama dansi kupitia dirishani. Alitusimulia mara nyingi mpaka nikaujua mwembe ule tawi kwa tawi. Mimi mwaka huo nilikuwa na miaka sita, nikilelewa na bibi Kilosa. Usiku ule wa 2011 nilimwondoa kaka yangu mtini, nikapanda mimi. Kwa kuwa mtoto wa miaka sita asingeaminika, nilisogeza mwaka hadi 1975, niwe na miaka tisa. Kisha nikaongeza la kwangu mwenyewe: nikasema waya mmoja wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo, na Mbaraka akaendelea kupiga kwa nyaya zilizobaki bila wachezaji kujua, isipokuwa mimi niliyekuwa juu. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Nililitunga palepale, huku nimeshika sahani ya nyama.

Walipiga makofi. Mzee wa Kinshasa aliinuka akanishika mkono. Ningeweza kusema kweli kesho yake, au Jumamosi iliyofuata. Sikusema, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilijiona mtu mwenye kitu. Ghalani nilikuwa namba kwenye fulana ya kazi. Barazani nikawa shahidi. Hiyo ndiyo sababu, na naitaja ili ijulikane, haipunguzi kosa.

Nyumbani uongo kama huo usingemaliza wiki. Morogoro ningesutwa sokoni: mtu angetaja ukumbi, mwingine angetaja mwaka, mwingine angeuliza jina la baba yangu. St Marys iko zaidi ya kilomita 11,000 kutoka pale. Hapa shahidi ni mmoja mmoja, na kwa hiyo neno lake huchukuliwa lote. Nilidhani umbali huo unanipa nafuu. Kumbe ndio unaolifanya kosa kuwa zito: mahali penye mashahidi mia, mwongo mmoja hasumbui, mahali penye wawili, amechukua nusu ya kumbukumbu.

Mashahidi wa Mbaraka St Marys tulikuwa wawili, mmoja wa uongo. Wa kweli alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Morogoro aliyeletwa na binti yake. Mwaka 2019 msichana mmoja wa chuo kikuu, mtoto wa jamii yetu, alianza kurekodi kumbukumbu za wazee kuhusu muziki, ili wenzake waliozaliwa huku wajue wazazi wao walicheza nini. Alianza na mimi. Ulifanyika mkutano mdogo katika ukumbi wa jirani, rekodi ikachezwa, watu wakausikia mwembe, waya, Morogoro Jazz na mwaka 1975. Mama yule alikaa safu ya mbele, kitenge mabegani. Nilipomwendea na shikamoo, aliitikia, “Marahaba, mwanangu. Umesimulia vizuri.” Macho yake yalikaa usoni mwangu kuliko kawaida. Wiki iliyofuata msichana alimwomba naye azungumze, akakataa. Alisema hana la kuongeza, mwenzake ameshasema.

Januari 2023 binti yake aliniomba nimpeleke hospitali Westmead, naye alikuwa kazini. Tuko kwenye barabara kuu ya M4, joto kali nje, nikaweka nyimbo za Mbaraka ili kumfurahisha. Mama alisikiliza nyimbo mbili nzima bila neno. Kisha akasema, taratibu kabisa: “Mwanangu, sabini na tano Mbaraka hakuwa Morogoro Jazz. Alishatoka sabini na tatu, akaanzisha Super Volcano yake.”

Sikuweza kujibu. Akaendelea: “Nilijua siku ile ile. Nikaona nikisema nitakuaibisha mbele ya watoto. Na nikisema yangu, yatapingana na yako, wataona mmoja wetu mwongo. Nikaona heri ninyamaze.”

Halafu, kabla hatujafika, alinisimulia yake. Ilikuwa mwaka 1971, watu bado wakiizungumza safari ya Japani. Alikuwa na miaka ishirini. Shemeji yake alimlipia kiingilio. Aliazima viatu vya dada yake, vikambana, akavivua, akavificha nyuma ya nguzo na kucheza pekupeku. Karibu usiku kucha hakumwona Mbaraka sawasawa, kwa kuwa wanaume warefu walisimama mbele yake. Alichokiona ni mkono wa kushoto tu, ukipanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa. Walirudi kwa miguu alfajiri, Uluguru ikianza kujitokeza kwenye ukungu. Karibu na nyumbani ndipo akakumbuka viatu. Dada yake hakumsemesha siku tatu.

Nilimwomba msamaha, akanisamehe pale pale garini. Akanipa na sharti, nimwambie msichana ukweli, halafu yeye atakubali kurekodiwa. Nikaahidi. Hapo lilianza kosa la pili, ambalo nalihesabu kubwa kuliko la kwanza. Nilisema nitafanya mwezi ujao. Ukapita mwezi, kukawa na msiba, kisha harusi, kisha nikabadilishiwa zamu. Nilijua ni visingizio. Ilipita miezi saba.

Nilipomweleza msichana, Agosti, alilia kwa hasira, kisha akachukua vifaa vyake tukaenda kwa mama. Binti yake alitupokea mlangoni akatuambia tusimchoshe, ugonjwa wa kusahau umemzidi tangu baridi ilipoanza. Mama alikuwa mchangamfu. Alipoulizwa kuhusu Mbaraka, uso wake ulifunguka. Akaanza kusimulia: hakuwa na kiingilio, akapanda mwembe uliokuwa nje ya ukumbi, akatazama kupitia dirishani. Na waya mmoja wa gitaa ulikatika, lakini Mbaraka aliendelea kupiga.

Msichana alinitazama. Nilimwinamia mama nikamuuliza, “Na viatu vya dada, mama? Vile ulivyoficha nyuma ya nguzo?”

“Viatu gani, mwanangu?” akaniuliza.

Nimeyapitia maneno hayo matatu usiku mwingi. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba uongo wangu haumwumizi mtu; ni hadithi ya muziki, inafurahisha, inawaunganisha watu. Siku ile niliona ulikoingia. Jambo nililolitunga nikiwa na sahani mkononi lilikuwa limerudiwa mara nyingi, kwa sauti kubwa, kwenye kumbi na harusi, mpaka likapata nguvu kuliko jambo lililotokea na kunyamaziwa. Kumbukumbu ya mama ilipoanza kudhoofika, lililosimuliwa sana ndilo lililobaki. Ugonjwa sikuuleta mimi. Mwembe niliupanda mimi.

Rekodi za Mbaraka zipo, sauti yake na gitaa lake havitapotea kwa sababu yangu. Lakini bendi haikuwa watu wa jukwaani peke yao. Dansi lilifanywa pia na waliolipa kiingilio, waliolipiwa na mashemeji, waliocheza pekupeku na kurudi kwa miguu. Hao hawakurekodiwa na studio yoyote. Rekodi yao ni vinywa vyao, na mimi nilisimama mbele ya kinywa kimoja nikakifunika.

Nilirudi barazani Jumamosi moja nikawaambia wote, nikiwa nimesimama. Baadhi waliondoka. Mzee wa Kinshasa alibaki kimya muda mrefu, kisha akasema, “Ndugu, sasa hata ya kwangu watayatilia shaka.” Ni kweli. Vijana wameanza kuuliza kama kweli alikuwepo uwanjani mwaka 1974, na mzee ambaye hakuongeza hata chumvi kidogo analazimika kujitetea. Rekodi yangu imefutwa. Ya mama ipo, na msichana ameandika kando yake ilivyoingiliwa. Kisa cha viatu kimebaki kwangu peke yangu, mtu ambaye neno lake limeshuka thamani. Nimekiandika hapa kama nilivyokisikia garini, bila kuongeza kitu, na anayekisoma akumbuke kwamba ni kisa cha mama, wala si changu.

Nami nilikuwa na changu cha kweli tangu mwanzo, nikakidharau. Januari 1979 nilikuwa na miaka kumi na miwili, Kilosa, bibi anatwanga mahindi uani. Jirani mwenye redio alikuja akasimama mlangoni, akasema Mbaraka amekufa kwa ajali ya gari Mombasa. Bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi maisha yake yote, aliweka mchi chini na hakuugusa tena siku ile. Tulilala bila ugali. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kusimulia mwaka 2011, na ingetosha.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mzee aliyewahi kucheza dansi, taarab au ngoma yoyote, muulize wiki hii, umwache amalize. Na wewe ukisimulia, tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. Mwenye kuambiwa ana heshima yake, mradi aseme aliambiwa na nani.

Aliyemwona Mbaraka ni kaka yangu, na mama yule wa Morogoro. Mimi nilimsikia redioni.