Mikono Minne, Kinanda Kimoja

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kuna muziki wa piano uliotungwa kwa nia hiyo: watu wawili huketi bega kwa bega kwenye kinanda kimoja, wa kulia akipiga sauti ya wimbo, wa kushoto akishika besi na mdundo. Hapa kwetu Nakuru, binti yangu wa miaka 12 nami hupiga hivyo Jumapili alasiri, tukitumia kitabu kilichorahisishwa kwa wanagenzi.

Tuzipendazo zaidi ni Ngoma za Hungaria za Johannes Brahms, Mjerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka wa 1833. Mwaka wa 1853 alizuru miji mbalimbali akiandamana na mpiga fidla wa Kihungaria, Eduard Reményi, na kupitia kwake akaonja ladha ya muziki huo. Aghalabu huwa na mtindo wa csárdás, ngoma ianzayo kwa madaha, kisha ikapamba moto. Brahms alizipanga kwa mikono minne, akachapisha vitabu viwili mwaka wa 1869 na vingine viwili 1880. Jumla ni ngoma 21. Siku hizo hapakuwa na redio. Familia iliyotaka burudani nyumbani ilijipigia yenyewe.

Sasa zingatia jambo hili. Kwenye jalada, Brahms hakuandika kwamba ametunga. Aliandika kwamba amezipanga tu. Hata hivyo, ile ya 5, maarufu kuliko zote, aliidhania wimbo wa jadi usio na mwenyewe, kumbe ilikuwa kazi ya Béla Kéler, mtunzi aliyekuwa angali hai. Leo ulimwengu unamtaja Brahms. Kéler wanamjua wachache. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Huenda ukauliza, Hungaria inatuhusu nini? Waama, sisi tuna mwomboko. Ngoma hii ya Wakikuyu ilishamiri miaka ya 1940, ikichanganya mirindimo ya kwetu na dansi za Wazungu, kwa kodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Marehemu mjomba wangu, mkazi wa Bahati, alikuwa mpiga kodiani na alizitunga nyimbo zake mwenyewe. Hakuna aliyezinasa wala kuziandika. Alipofariki, ziliondoka naye. Sisi wapwa wake tumebaki na vipande vichache.

Kipande kimoja tumekipanga kwa mikono minne. Binti yangu hupiga sehemu ya kodiani, nami hugonga noti mbili za chini badala ya karing'aring'a. Hatujui kilivyomalizika, kwa hivyo tunakomea pale kumbukumbu inapokatikia. Lakini juu ya karatasi nilimwambia mtoto aandike kwanza jina la babu yake aliyetunga, halafu chini, kwa herufi ndogo, sisi tuliopanga.

Ikiwa kwenu yuko mzee anayejua kuimba, kucheza au kupiga ala yoyote, usingoje sikukuu. Mtembelee, mrekodi kwa simu yako, kisha uandike jina lake, kijiji chake na mwaka. Mcheza kwao hutunzwa, lakini atatunzwaje yule ambaye jina lake limesahaulika?