Namba Iliyokosa Pacha

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alinijia ofisini. "Dokta, mtihani nilifanya, lakini matokeo yangu hayapo." Nilimjibu kama tulivyozoea kujibu katika utumishi wetu: nenda ofisi nyingine. Aliporudi wiki ya tatu, nikaona haya.

Nilikuwa na orodha mbili zisizo na mpangilio: waliotia saini chumba cha mtihani, na walioingiziwa alama. Darasa lilikuwa na wanafunzi 300, kila mmoja na namba yake. Nikakumbuka swali ninalowapa wanafunzi wa programu: katika safu ambamo kila namba imetokea mara mbili isipokuwa moja, itafute hiyo moja bila kutunza orodha ya ziada.

Jibu lake ni la biti. Andika namba kwa tarakimu 0 na 1, kisha linganisha biti kwa biti: zikifanana weka 0, zikitofautiana weka 1. Namba ikikutana na pacha wake hufutika, na mpangilio haudhuru kitu. Chukua 5, 3, 5, 7, 3: tano zinafutana, tatu zinafutana, inabaki 7.

Nikaunganisha orodha zote mbili, nikaiendesha programu nikitarajia 72, namba ya kijana yule. Ikatoka 333. Darasani hapakuwa na namba hiyo.

Nilidhani nimekosea. Nilipohesabu, nikakuta orodha ya saini imeizidi ya alama kwa watu wawili. Kumbe 333 ilikuwa namba mbili zilizochanganyika. Nikailinganisha na 72 kwa njia ileile. 72 ikafutika, ikabaki 261.

Namba 261 alikuwa binti ambaye hakuwahi kubisha mlango wa yeyote. Alikuwa amekwisha kurudi kwao, akiamini kuwa ameshindwa. Karatasi zao zilipatikana zimeshikana ndani ya bahasha moja.

Tangu siku hiyo, kila muhula nalinganisha orodha zangu kabla mtu hajalalamika. Kazi yenyewe haichukui hata dakika moja. Ndugu zangu mlio maofisini, sisi huwahudumia wanaobisha hodi, tena kwa kuchelewa, halafu tunahesabu ukimya wa waliobaki kuwa ni ridhaa. Lau ningelitatua shauri la kijana yule peke yake, ningelijisifu kwa haki niliyoitenda nusu.