Ngoma za Bujumbura Hazienei Katika Santuri

Mtu aliyekuwa kijana katika miaka ya 1970 na 1980 hakosi kuwa na onyesho moja la muziki ambalo mpaka leo halijamtoka moyoni. Hapa kwetu wapo waliosimama mbele ya jukwaa la Polisi Jazz au Mwenge Jazz, wakastaajabu kumwona askari waliyemtazama asubuhi katika gwaride sasa akilipuliza tarumbeta kwa madaha. Huko Kinshasa wapo wanaosimulia siku tatu za Septemba 1974, James Brown, B.B. King na Miriam Makeba walipotumbuiza katika tamasha moja na Franco na Tabu Ley. Wazimbabwe nao hawausahau mwezi wa Aprili 1980, Bob Marley alipoimba katika uwanja wa Rufaro wakati taifa lao likizaliwa.

Uingereza, watu wa rika hilo husimulia habari za muziki wa roki: magitaa ya umeme, vipaza sauti virefu kuliko mtu, na vijana wenye nywele ndefu waliolala viwanjani katika matope. Lakini, ndugu msomaji, baadhi ya vijana hao wakiulizwa ni kitu gani kiliwatikisa zaidi, hawataji gitaa hata kidogo. Hutaja ngoma zilizotoka katika vilima vya Burundi. Ili kuielewa habari hiyo, inafaa kwanza tufike Bujumbura.

MJI WA KANDO YA ZIWA

Bujumbura umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, jirani na mahali mto Rusizi unapoingia ziwani. Ukisimama ufukoni jioni na kutazama magharibi, unaiona milima ya Kongo juu ya Uvira ikigeuka rangi ya samawati. Ukigeuka mashariki, vilima vya Burundi vinapanda nyuma ya mji kama ngazi. Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Usumbura. Jina la sasa lilikuja na uhuru mwaka 1962. Mwishoni mwa 2018 serikali ilitangaza Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, lakini biashara, bandari na shamrashamra vikabaki Bujumbura.

Mgeni atokaye Kigoma au Ujiji hapati taabu ya lugha. Katika mtaa wa Buyenzi, ambao barabara zake zimenyooka na huitwa kwa namba, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, ya dukani na ya baraza. Wakazi wake wengi ni wajukuu wa wafanyabiashara, mafundi na mabaharia waliotoka Ujiji, Umanyema na pande zote za ziwa. Katika mitaa hiyo Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, alipata wafuasi wengi hodari. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, hakuiona siku ya uhuru wa nchi yake, Julai 1, 1962.

Mji wa namna hiyo hauna muziki wa aina moja. Rumba ya Kongo huvuka maji kutoka Uvira. Kaswida husikika karibu na misikiti. Nyimbo za Kirundi hushuka kutoka vilimani. Lakini siku ya sherehe kubwa vyote hivyo hunyamaza kidogo, vikaipisha ngoma ya watimbo.

MSHINDO KIFUANI

Mwaka 1982 Burundi ilitimiza miaka 20 ya uhuru, nami nikiwa kijana nikavuka kutoka Kigoma kwa meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na kuanza kazi kwa jina lake la sasa mwaka 1927. Wakati ule bado ilikuwa ikifika Bujumbura. Tulisafiri usiku kucha, sitahani imejaa akina mama wa biashara na vifurushi vyao vya dagaa.

Katika juma hilo la sherehe ndipo nilipowaona watimbo, kwenye kiwanja cha wazi kilichozungushiwa kamba. Kwanza tulisikia ngurumo nyuma ya umati, na watu wakageuka. Wakaja wanaume wamefuatana, kila mmoja amejitwika ngoma kichwani. Hazikuwa vigoma vya mkononi. Yalikuwa magogo mazito yaliyotobolewa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Walizipiga huku wakitembea na kuimba, wala shingo hazikuyumba. Mavazi yao yalikuwa mashuka ya rangi nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera ya nchi yao.

Walipofika katikati wakazitua, wakajipanga nusu duara. Kwa desturi idadi ya ngoma hizo huwa witiri, haigawanyiki kwa mbili. Moja huwekwa katikati, nayo huitwa inkiranya. Hiyo ndiyo kiongozi. Zipo zinazoitwa amashakwe, ambazo hushikilia mwendo mmoja bila kupumzika, na zipo ibishikizo, ambazo humfuata kiongozi kila anapobadili. Watimbo hupokezana. Mmoja hutoka katika safu, akacheza na kuruka juu mpaka magoti yakafika kifuani, akaipiga inkiranya kwa fimbo zake mbili, kisha akarudi na kumpisha mwenziwe. Hapana mtu anayebaki mbele mpaka mwisho.

Msomaji aliyepitia jeshini atakuwa ameng'amua jambo. Huo ni utaratibu wa kikosi: amri hutoka mahali pamoja, wengine huipokea kwa pamoja, na kila mtu anajua zamu yake. Namkumbuka askari mmoja kijana aliyewekwa pale kuilinda kamba. Alisimama wima, uso mkavu kama ilivyompasa, lakini kisigino cha kiatu chake kilikuwa kikipiga ardhi sawasawa na amashakwe. Pembeni yake mama muuza karanga alikuwa amelitua sinia lake chini na kusahau kuuza. Mimi nilihisi mshindo ule mbavuni kabla ya masikioni. Tangu siku hiyo nimesikia ngoma hizo mara nyingi katika redio, lakini redio haijapata kunigusa mbavu.

NGOMA NA UFALME NI NENO MOJA

Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na ufalme. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda, nayo iliheshimiwa kuliko chombo chochote nchini. Ngoma zilipigwa mfalme alipotawazwa, alipozikwa, na katika sikukuu ya umuganuro, pale mfalme alipobariki mtama na kufungua msimu wa kupanda. Hata mti unaochongewa ngoma una jina la heshima, umuvugangoma, maana yake mti unaozifanya ngoma ziseme. Sisi huuita mringaringa.

Kupiga ngoma hizo haikuwa kazi ya kila mtu. Zilikuwapo koo za watimbo waliorithishana ujuzi huo, baba na mwana. Waliokuwa mashuhuri zaidi ni wale wa kilima cha Gishora, karibu na Gitega, mahali panapokumbukwa kwa jina la Mfalme Mwezi Gisabo. Ufalme uliondolewa tarehe 28 Novemba 1966 nchi ilipotangazwa kuwa jamhuri, lakini ngoma hazikuondoka. Zikatoka uani kwa mfalme, zikaingia katika viwanja vya taifa.

NGOMA ZILIVYOINGIA KATIKA ROKI

Mwaka 1967 watafiti wa Kifaransa waliwarekodi watimbo nchini Burundi, na sauti hizo zikatolewa katika santuri ya Ocora, iliyokuwa chini ya redio ya Ufaransa. Ilikuwa santuri ya wataalamu, yenye kukaa maktabani. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja, Michel Bernholc, akitumia jina la Mike Steiphenson, aliichukua sauti ile, akaongeza juu yake vyombo vya Kizungu, na kuiuza kwa jina la Burundi Black. Ikachezwa katika madansa ya Ulaya na kuingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Mnunuzi aliweza kusoma jina la Steiphenson. Jina la mtimbo hata mmoja hakulisoma.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, aliiweka sauti ya ngoma za Burundi chini ya wimbo wake The Jungle Line. Ilipofika 1980 na 1981, bendi za Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilijipatia umaarufu mkubwa kwa mapigo yaliyofuata nyayo za ngoma hizo. Vijana wa London wakajipaka rangi usoni na kurukaruka, na wengi wao wasingeweza kuionyesha Burundi katika ramani.

Kisha ikaja Julai 1982, mwezi ule ule ambao Bujumbura ilikuwa ikisherehekea miaka 20 ya uhuru. Mwanamuziki wa roki Peter Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD huko Shepton Mallet, magharibi ya Uingereza, na miongoni mwa wageni wao walikuwamo watimbo wa Burundi. Kwa mara ya kwanza maelfu ya vijana waliokuwa wakiucheza mshindo ule bila kumjua mwenyewe waliwaona wenyewe: watu wenye jasho, sauti na majina. Bendi ya roki ya Echo and the Bunnymen ilipanda jukwaani na kupiga pamoja nao. Kwa fedha tamasha hilo lilikuwa hasara kubwa, hata Gabriel akalazimika kurudiana kwa siku moja na wenzake wa zamani wa Genesis, mwezi wa Oktoba mwaka huo, ili deni lilipwe. Lakini waliohudhuria wanalisimulia mpaka leo.

Hapo ndipo tofauti ya santuri na onyesho inapoonekana. Santuri hubeba sauti na kumwacha mtu nyuma. Mwenye nguvu akaichukua na kuandika jina lake juu yake. Aliyesimama uso kwa uso na watimbo hawezi tena kudanganywa kwamba mshindo ule ni mali ya mtu wa Paris au London. Amemwona anayeupiga.

MIAKA YA UKIMYA

Muziki wa hadhara unahitaji watu wasioogopa kutoka nje. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Burundi ikatumbukia katika vita vilivyoua watu wengi sana na kuwatawanya wengine katika nchi jirani, yetu ikiwamo. Liemba ikaacha kwenda Bujumbura. Mitaa iliyokuwa ikicheza pamoja ikatengana. Mazungumzo yalifanyika Arusha chini ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake chini ya Nelson Mandela, mpaka mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Hata hivyo, amri ya kutotembea usiku iliondolewa Bujumbura mnamo Aprili 2006 tu. Hebu fikiri, msomaji, kijana aliyezaliwa mjini hapo aliweza kufikia umri wa kuoa bila kupata kurudi nyumbani kwa miguu kutoka dansini saa nane ya usiku.

Katika miaka hiyo sauti ya Burundi ilisikika zaidi ugenini. Jean-Christophe Matata, aliyefariki mwaka 2011, alizipeleka nyimbo zake mbali na kwao. Khadja Nin, binti wa Burundi, alipata sifa Ulaya kwa santuri yake Sambolera ya mwaka 1996, akiimba kwa Kiswahili. Na watimbo waliendelea kualikwa katika majukwaa ya dunia, wakiwakumbusha watu kwamba nchi ile ina jambo jingine la kusimuliwa mbali na vita.

NANI MWENYE NGOMA?

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, serikali ya Burundi ilitoa amri kwamba vikundi vya ngoma hizo lazima viandikishwe, kwamba maonyesho nje ya shughuli rasmi yanahitaji kibali, na kwamba wanawake hawaruhusiwi kuzipiga.

Nia ya kulinda urithi usiokotwe ovyo inaeleweka kwa yeyote anayejua habari ya Burundi Black. Lakini amri hiyo iliwakuta wanawake waliokwisha kuanza kupiga ngoma, na wengi walihuzunika. Nionavyo mimi, adui wa ngoma hizi hakuwa binti wa Kirundi aliyeshika fimbo mbili. Adui alikuwa yule aliyeichukua sauti, akalificha jina la mwenyewe.

Wazazi wanaosoma ukurasa huu wana watoto ambao leo husikia muziki wa dunia nzima katika simu ya mkononi. Si vibaya wausikie. Lakini pale panapotokea sherehe, awe mtimbo wa Burundi, bendi ya polisi au ngoma ya kijijini, wachukueni watoto wakaone kwa macho. Wawaonyesheni nani anaongoza na nani anafuata. Onyesho likiisha, wasogezeni karibu wamsalimu mpigaji na kumwuliza jina lake.