Nilinunua Jina

Mimi si fundi wa kompyuta. Ni kijana wa kawaida wa Magomeni, mwandishi wa hadithi ambazo bado hazijanilipa hata pesa ya vocha, na mpenzi wa gemu tangu enzi za kukaa kwenye benchi la banda la gemu nikingoja zamu yangu. Haya ninayoyaandika yamenigharimu shilingi 180,000, na kibaya zaidi, fedha zile hazikuwa zangu.

Mwaka 2024 nilianza kuunda kompyuta yangu nyumbani, kipande kwa kipande, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali mbili kila mwezi. Kasha, madabodi na pawasaplai ya wati 240 vilitoka kwenye mashine iliyochoka kazi za ofisini. Prosesa ilikuwa Core i5 ya kizazi cha nne, ramu giga 8. Skrini ilikuwa ile ya zamani, yenye tundu moja tu, la VGA, la rangi ya bluu. Kilichobaki kilikuwa kadi ya grafiki. Prosesa yangu iliweza kuchora kidogo, ya kutosha kuandikia hadithi na kuangalia sinema. Lakini gemu inachora picha nzima upya mara 30 au hata 60 kwa sekunde moja, na kazi hiyo inataka mtambo wake wenyewe.

Kijiweni kwetu jina lilikuwa moja tu: GTX 1050 Ti. Kadi hiyo ilitoka mwaka 2016, ina giga 4 za kumbukumbu, inakula wati 75 tu. Washikaji walilitaja jina lile kama linavyotajwa jina la mshambuliaji mpya wa Simba au Yanga. Nami nikalipenda kabla sijaiona kadi yenyewe.

Dada yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, anauza vitenge. Zamu yake ya mchezo ilipofika, alihesabu laki tatu akaniwekea mkononi.

"Chukua, mdogo wangu. Ukamalizie hiyo kompyuta yako. Na hawa watoto nao wafanyie humo kazi zao za shule. Ngoja Jumapili twende wote."

"Asante sana, dada," nikajibu. Lakini moyoni nikacheka. Dada na kadi ya grafiki, wapi na wapi? Ijumaa nikaondoka peke yangu kwa miguu hadi Kariakoo.

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mchangamfu kweli kweli. "Kaka, mzigo huu hapa. 1050 Ti, giga nne, laki na themanini. Wenzangu huko mbele watakuuzia laki mbili na nusu." Boksi lilikuwa linang'aa. Nilipoigeuza kadi nikaona tundu la bluu la VGA, moyo ukaruka kwa furaha. Kumbe hata skrini mpya sihitaji! Akaniongezea kiwaya cha kuunganishia umeme, bure, pamoja na CD. "Usihangaike na draiva za intaneti, kaka. Tumia hii." Nikalipa. Risiti sikudai, maana naye alinitazama usoni kama ndugu.

Usiku ule niliwasha mashine. Jina likatokea kwenye skrini, GTX 1050 Ti, giga 4. Nikafungua GTA V. Dakika tano, skrini nyeusi. Nikawasha tena. Nyeusi. Usiku wa tatu nilikuwa nimeshailaumu pawasaplai, joto la Dar na hata Tanesco.

Fundi mmoja wa mtaani kwetu ndiye aliyekuja na flashi yenye programu iitwayo GPU-Z. Tangu mwaka 2018 programu ile inaweza kuzitambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa. Akaifungua, na hapo hapo, kando ya lile jina nililolipenda, likatokea onyo kwamba kadi ni bandia.

"Hii ni GTS 450, mzee," fundi akasema. "Ya mwaka 2010. Ya kweli ina viini vya kuchorea 768, hii ina 192. Mtu amebadilisha maandishi ya ndani ya kadi, ndiyo maana inaidanganya Windows jina lake. Na hizo giga nne ni maneno tu, humu hazimo. Gemu ikizitafuta, inaanguka." Kisha akagusa lile tundu la bluu. "Tena ushahidi ulikuwa huu hapa. Chipu ya 1050 Ti ya kweli haitoi VGA. Ukiona kadi inajiita hivyo na ina tundu hili, we ondoka."

Yaani kile nilichokifurahia kuliko vyote ndicho kilichokuwa kinanipigia kelele kwamba naibiwa. Tapeli aliijua skrini yangu kabla hajaniona. Alijua kwamba mnunuzi wa kadi ya bei ya chini huwa na skrini ya zamani.

Nilirudi dukani. "Kaka, mali ikishatoka hairudi," akanijibu bila kuinua macho. "Labda umeiunguza mwenyewe." Ndugu yangu wa Ijumaa hakuwa tena ndugu yangu.

Wiki mbili nilimficha dada. Akiuliza, "Vipi kompyuta?" nasema, "Bado naipatia draiva, dada." Mwanawe wa mwisho alikuwa akikaa mbele ya ile skrini nyeusi na daftari lake mapajani, akisubiri. Siku moja akaniuliza, "Anko, leo?" Nikasema kesho. Ndipo nilipoona kwamba tapeli amenidanganya mara moja tu, lakini mimi nadanganya kila siku.

Usiku ule nikamweleza dada yote. Alikuwa anakunja vitenge kwa ajili ya kesho. Hakupiga kelele. Alitandika vitenge viwili kitandani, maua yale yale, rangi zile zile, hata maandishi ya pembeni yalifanana.

"Kipi kizuri hapo?"

Nikaonyesha. Akavigeuza vyote viwili. Kimoja rangi zilikuwa zimekolea pande zote. Nilichokichagua mimi, mgongo wake ulikuwa umepauka kama umemwagiwa jivu.

"Wateja wengi wanasoma maandishi," akasema. "Mimi nageuza. Wewe kule uligeuza nini?"

Sikuwa na jibu. Kadi niliigeuza kwa mkono, lakini sikujua natafuta nini. Na mtu aliyejua soko feki kuliko kijiwe chetu kizima nilimwacha nyumbani.

Zilikuwa zimebaki 120,000. Jumamosi tukakaa watatu, dada, fundi na mimi, na karatasi. Dada akauliza swali moja ambalo mimi sikujiuliza hata siku moja: "Tayari una nini?" Tukaandika: wati 240, skrini ya VGA, laki na ishirini.

Fundi akataja RX 580 ya mwaka 2017. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022, kadi za namna hiyo zilizokwisha kutumika zilimwagika sokoni, na nguvu zinazo. Lakini inakula wati 185 peke yake, kwa hiyo ningehitaji pawasaplai nyingine. Tukaikata. Ikaja GT 1030, wati 30 tu. Kumbe hiyo nayo ipo ya aina mbili kwa jina moja: ya mwaka 2017 yenye kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha giga 48 kwa sekunde, na ya 2018 yenye DDR4, isiyofika hata giga 17. Tena zote hazitoi VGA. Tukaikata.

Ikabaki GTX 750 Ti ya mwaka 2014. Wati 60, nyingi hazihitaji waya wa ziada, giga 2, na VGA inatoa kihalali. Si jina la kutambia kijiweni. Lakini kila mstari wa karatasi yetu iliukubali.

Jumapili tukaenda, dada mbele. "Mdogo wangu," akamwambia muuzaji, "jina nimelisikia. Sasa iwashe niione ikifanya kazi." Jamaa akanuna, lakini akaiwasha. Tukaingiza flashi ya fundi: viini 640, onyo hakuna. Dada akataka gemu iachwe nusu saa nzima, akakaa kwenye kigoda akiitazama kama anayelinda sufuria ya maziwa. Haikuzima. Bei ilianza laki na thelathini, akaishusha hadi laki na kumi.

Leo GTA V inacheza kwa picha za wastani, PES 2017 bila shida, na daftari la yule mtoto limehamia mezani. Najua pia mwisho wake: mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kusitisha draiva mpya za gemu kwa ukoo wa kadi hii, na gemu mpya kubwa siziwezi. Si kitu. Nilijua ninachonunua.

Kijana mwenzangu, ukienda kutafuta kadi, kwanza andika ulichonacho, kisha itake iwashwe mbele yako, na usione haya kwenda na mtu asiyejua kompyuta lakini anayejua soko.

Ile feki nimeitundika ukutani juu ya meza. Dada hajawahi kunidai, lakini kila mwezi nampelekea elfu kumi, naye anapokea bila neno. Nimebakiza elfu arobaini.