Baridi ya Iowa na robine niliyokataa kuacha wazi

Ndugu wasomaji wa Uvira, Baraka na Fizi, niko Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani. Leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe, kwani wengi wenu mna wandugu huku, na wengine mko njiani kuja.

Kwetu Uvira robine ilikuwa inatoa maji mara moja moja. Usiku tuliiacha wazi, ndoo chini yake, ili maji yakifika tusikie. Lakini vyombo vikijaa, ole wako uache hata tone lipotee! Mama alikuwa anaamka kitandani kuja kufunga.

Basi, katika baridi yangu ya kwanza, mwenye nyumba alibandika karatasi mlangoni: usiku huu acheni robine zidondoke kidogo. Nikacheka, nikafunga kabisa. Tena nikapunguza moto wa nyumba, maana bili ilikuwa inaniumiza na mdogo wangu alikuwa anangoja pesa ya masomo. Kisha nikaenda kazi ya usiku.

Asubuhi robine ya jikoni haikutoa kitu. Mchana, jua lilipopiga ukuta, nikasikia maji yanakimbia ndani yake. Yalishuka mpaka kwa jirani wa chini, mama wa kwetu Fizi mwenye watoto wanne. Magodoro, nguo, madaftari ya shule, vyote vililowa. Hakunitukana. Aliniuliza tu: «Mwanangu, ile karatasi haukuisoma?» Pesa niliyookoa haikutosha kununua hata godoro moja.

Fundi alinieleza. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9. Barafu inaziba tiyo, na maji yaliyobaki kati ya barafu na robine iliyofungwa yanakosa pa kwenda, yanasukuma mpaka tiyo inapasuka. Barafu ikiyeyuka ndipo mafuriko yanaanza. Robine ikidondoka, nguvu ile inapata pa kutokea.

Kwa hiyo, wandugu, baridi kali ikitangazwa:

- Acheni robine zilizo kwenye kuta za inje zidondoke, ya moto na ya baridi.
- Fungueni milango ya kabati chini ya sinki, joto lifike kwenye tiyo.
- Msishushe moto wa nyumba chini ya digri 13, hata mkisafiri.
- Ondoeni mpira wa maji kwenye robine ya inje.
- Jueni mapema iko wapi robine kubwa inayofunga maji ya nyumba yote. Mimi siku ile sikujua.
- Tiyo ikiganda, fungueni robine yake, mpashe tiyo polepole kwa mashine ya kukausha nywele. Msitumie moto wa kuwaka hata kidogo.

Magodoro nililipa kidogo kidogo, miezi mitatu. Sasa, baridi ikikaza, naacha robine idondoke na sufuria chini yake. Asubuhi maji yale naoshea vyombo. Juzi mama alisikia matone kwenye simu, akauliza kama nimesahau kufunga. Nikamwambia: «Hapana, mama. Huku ndivyo tunavyoyachunga.»